Kugeuza banda la gari kuwa karakana ya baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye banda la gari nyumbani, baiskeli mbili tatu au zaidi, na hamu ya kuzitengeneza mwenyewe. Majibu mengi yameandikwa kwa kuangalia nyumba za pwani, kuanzia Tanga na Dar es Salaam hadi Unguja na Mombasa, kwa sababu huko ndiko baiskeli inakoharibika haraka zaidi ikiwa imesimama tu. Aliye Iringa au Nairobi atanufaika na karibu yote, ila suala la chumvi halimhusu.

Nianze na nini? Nina hela kidogo na nataka kununua vifaa.

Vifaa visubiri. Anza na sakafu na hewa. Karakana yenye spana nzuri na hewa mbovu ni mahali pa kuotesha kutu, na spana zenyewe ndizo zitakazotangulia.

Toa kila kitu nje, hata kabati lile ambalo hakuna anayejua lilifikaje humo. Fagia, kisha kaa na banda tupu siku kadhaa. Angalia jua linaingia saa ngapi na kwa upande gani, maji ya mvua yanapita wapi, bati linavuja wapi. Sakafu ya zege ghafi inatoa vumbi daima, na vumbi la saruji likichanganyika na grisi linakula beringi. Ipige niru, ule utandazo mwembamba na laini wa saruji. Kazi hiyo fundi anaimaliza kwa siku moja, na kwa maoni yangu hakuna hela nyingine ya karakana inayolipa haraka kama hiyo. Faida yake nyingine utaiona siku golori itakapokudondoka: kwenye niru unaiona, kwenye zege lenye mashimo umeipoteza.

Nitajuaje kama banda langu lina unyevu?

Chukua kipande cha nailoni ngumu, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache kwa muda wa saa 24. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, tatizo ni hewa ya ndani. Fanya hivyo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu kipimo cha Agosti kitakupa moyo bure.

Unyevu wa ardhini hauondoki kwa rangi. Mara nyingi sababu ni maji ya paa yanayomwagika chini ya ukuta. Weka mfereji wa bati, pitisha maji mbali, na hakikisha udongo wa nje uko chini kuliko sakafu ya ndani. Nyumba nyingi zimejazwa udongo na kokoto uani mwaka hadi mwaka, mpaka uwanja ukawa juu kuliko banda.

Unyevu wa hewa unahitaji matundu. Matofali ya matundu yawekwe chini ya ukuta mmoja na juu ya ukuta unaoutazama, ili hewa ya moto ipande na kutoka huku nyingine ikiingia. Weka wavu wa chuma dhidi ya panya na popo. Kama paa ni bati tupu bila dari, tazama upande wake wa chini alfajiri baada ya usiku wenye mbingu safi: bati hupoa kuliko hewa, mvuke unashika pale, na matone yanadondokea baiskeli. Dari nyepesi ya singibodi au jipsamu, yenye upenyo wa hewa juu yake, inaondoa matone hayo na inapunguza joto la mchana pia.

Nakaa karibu na bahari. Cheni inashika kutu hata kama siendeshi. Kwa nini?

Kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka hewani. Upepo wa bahari unabeba chembe ndogo za maji ya chumvi, zinatua kwenye chuma, na hata siku unayoiona kavu chembe hizo zinabaki na unyevu wa kutosha kuendeleza kutu. Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu hakuiondoi chumvi, kunaisambaza tu. Inatoka kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Utaratibu unaofaa ni huu: ndoo ya maji baridi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, brashi laini, suuza, kausha kwa kitambaa, kisha iache baiskeli juani dakika chache kabla ya kuitia mafuta. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwenye hubu, shingo na ekseli ya katikati. Maji ya nguvu yanapita kwenye sili, yanaosha grisi, na baada ya wiki chache unasikia baiskeli inasaga.

Kisha kuna kutu isiyoonekana. Baiskeli nyingi zina fremu ya chuma na nguzo ya kiti ya alumini. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe unaovimba ndani ya bomba. Baada ya mwaka mmoja au miwili nguzo haitoki tena, hata mkipishana watu wawili kuivuta. Kila baada ya miezi mitatu legeza kiti, itoe nguzo yote, ifute, ipake grisi nyembamba, irudishe. Ukiwa umeitoa, igeuze baiskeli kichwa chini. Usishangae kuona maji ya kahawia yakimwagika kutoka ndani ya bomba: yameingia kupitia tundu la kiti na yamekuwa yakikaa juu ya ekseli ya pedali. Baadhi ya fremu zina tundu dogo chini ya kikombe cha katikati kwa ajili ya kutoa maji hayo. Lizibue kwa waya.

Boliti na kulabu za ukutani ziwe za zinki, na za kuzamishwa kwenye zinki ya moto ni bora kuliko zile za kung'aa za dukani.

Gari bado linalala humo. Vyote vitaenea?

Vinaweza. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8, na usukani wake una upana wa sentimita 60 kwa zile za kawaida hadi 80 kwa za milimani. Banda la gari moja mara nyingi ni mita 3 kwa 6. Gari dogo likiingia, unabaki na nafasi nyembamba ubavuni na mita moja na nusu hivi mbele yake. Mbele ya gari ndipo pa kutundika baiskeli kwa wima na kuweka meza.

Lakini kufanya kazi, toa gari nje. Baiskeli ikiwa kwenye stendi inahitaji mraba wa mita 2 kwa 2 ili uizunguke bila kukwaruza mlango wa gari. Usiwashe injini ya gari wala jenereta banda likiwa limefungwa, hata kwa dakika chache za kupasha moto. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Jenereta likae nje kabisa, mbali na dirisha.

Nitundike baiskeli wapi? Fisha zangu zinachomoka ukutani.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu liko kwenye tofali. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa matofali ya saruji yenye mchanga mwingi. Ukitoboa, tazama unga unaotoka kwenye drili. Ukiwa wa kijivu, mzito, na drili inakwenda polepole, hapo pana saruji ya kutosha. Ukimwagika kama mchanga wa ufukweni na drili ikazama yenyewe, fisha ya plastiki haitashika chochote pale, hata ukiibadilisha mara ngapi.

Suluhisho ni lenta. Ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha kwa kawaida uko kwenye kimo cha mita 2.1 hivi, na hicho ndicho kimo kizuri cha kulabu ya kutundikia baiskeli kwa gurudumu la mbele. Baiskeli ya mita 1.8 ikining'inia hapo, tairi la nyuma linabaki juu ya sakafu kwa nafasi ya kupitisha ufagio. Toboa lenta kwa drili ya nyundo, na ukigonga nondo sogea sentimita tatu pembeni, usilazimishe. Tumia boliti za kutanuka za chuma. Kisha usifunge kulabu moja moja kwenye zege: funga ubao mrefu wa mbili kwa sita kando ya lenta kwa boliti kila baada ya sentimita 60, halafu kulabu zifungwe kwenye ubao. Kwa namna hiyo unaweza kuzisogeza kadiri baiskeli zinavyoongezeka, bila kutoboa zege tena.

Acha sentimita 40 hadi 45 kati ya kulabu na kulabu, moja juu, inayofuata chini yake, ili usukani wa moja upite juu ya wa jirani yake. Zikiwa kwenye kimo kimoja utahitaji nafasi kubwa zaidi. Kulabu iwe na mpira, na ishike ringi. Isishike spoku wala waya wa breki.

Kama huna lenta upande huo, chomeleza fremu ya mabomba inayosimama sakafuni na kuegemea ukuta. Uzito unakwenda chini, ukuta unazuia tu isianguke.

Je, Phoenix au Avon nayo nitundike?

Hapana. Zile za mzigo zenye karia nzito zinafika kilo 20, na kuinyanyua moja juu ya kichwa kila siku ni kuutafutia mgongo ugonjwa. Zina stendi imara, zisimame sakafuni, moja ikitazama mlango na nyingine ikitazama ukuta, ili mikono yao isigongane. Tundika nyepesi na zinazotumika mara chache.

Kutundika wima kunaharibu breki za mafuta?

Hakuziharibu. Lakini kama kuna hewa kidogo ndani ya mfumo, inaweza kuhama, na mkono wa breki ukawa laini ukiishusha. Minya breki mara kadhaa kabla ya kutoka nyumbani. Ikibaki laini, mafuta yanahitaji kutolewa hewa.

Meza ya kazi iwe ya namna gani?

Kimo cha sentimita 90, upana wa 60, urefu kadiri ukuta unavyoruhusu. Miguu ya mbao mbili kwa nne za paina iliyotiwa dawa, uso wa plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogundishwa pamoja. Ukipata ubao wa mninga kwa bei nzuri, uchukue, ingawa si lazima. Funga jiliwa kwenye kona, juu kabisa ya mguu na si katikati ya meza, kwa sababu utalivuta kwa nguvu zako zote siku ya kufungua friwili (sproketi za gurudumu la nyuma) iliyoganda.

Mchwa ndio adui wa meza hii. Miguu isiguse sakafu moja kwa moja, ikae juu ya vipande vya bomba au bati nene, na meza isibane ukuta. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma yake. Njia za mchwa ni vijifereji vya udongo, na ukiwa na nafasi ya kuchungulia utaviona mapema.

Stendi ya kushikilia baiskeli za dukani ni ghali. Kuna njia nyingine?

Welda wa mtaani anaweza kukutengenezea stendi itakayokuzidi umri. Mpelekee maelezo haya: bomba la wima la inchi mbili lenye urefu wa mita 1.5, kitako cha bamba zito au ringi ya gari iliyojazwa zege, na mkono wa mlalo wenye taya mbili za mbao zilizobandikwa vipande vya tyubu ya zamani. Taya zishike nguzo ya kiti. Zisishike bomba la fremu, hasa la alumini, ambalo kuta zake ni nyembamba na zinabonyea. Pedali ziwe kwenye kimo cha tumbo lako, cheni uione bila kuinama.

Kwa wakati huo, kamba mbili kutoka kwenye boriti zinatosha, moja chini ya kiti na nyingine kwenye usukani. Mafundi wengi hugeuza baiskeli juu chini, na kwa pancha inafaa kabisa. Kurekebisha gia ukiwa umeigeuza ni kujitesa.

Vifaa gani ninunue kwanza?

Nunua kwa kazi, usinunue seti. Seti za bei rahisi zenye vipande vingi zina spana za chuma laini zinazotanuka mdomo na kula kona za nati, na nati iliyoliwa inakugharimu kuliko spana nzuri.

Kundi la kwanza ni la pancha na breki: pampu yenye geji, vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka, solusheni, msasa, spana za namba 8, 10, 13, 14 na 15, bisibisi mbili, koleo, na seti ya alenki, zile spana za umbo la L, kuanzia milimita 2 hadi 8. Alenki ndizo za kulipia hela nzuri, kwa sababu ikizunguka ndani ya boliti umeshaiharibu. Spana ya 15 inafungua nati za magurudumu mengi na pia pedali. Hapo kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafunguka ukiizungusha kuelekea inakokwenda mishale ya saa. Wengi wameivunja kwa kukaza wakidhani wanalegeza.

Kundi la pili: kifaa cha kukatia cheni, spana nyembamba za koni kwa ajili ya hubu, na spana ya spoku. Spana ya spoku ichague kwa kujaribu kwenye nipo zako, zile nati ndogo za spoku, kwa sababu saizi zinatofautiana kidogo sana kwa jicho na sana kwa madhara.

Kundi la tatu ni la kununua siku kazi yenyewe ikija: pula ya krenki (mikono inayoshika pedali), funguo ya friwili, vya kufungulia ekseli ya katikati. Baiskeli yako ikiwa na krenki za kota pini, yaani zinazobanwa kwenye ekseli kwa pini ya kugongwa, pula haina kazi. Unahitaji nyundo, kipande cha bomba cha kuegemeza chini ya krenki na mkono usiosita. Pigo moja la haki linatoa kota pini, mapigo kumi ya woga yanaivimbisha kichwa.

Na rula. Rula ya chuma yenye inchi ndiyo kifaa cha bei ndogo chenye kazi kubwa. Pima cheni kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini iliyo umbali wa inchi 12. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili. Ikivuka kwa 1/16, badilisha cheni. Ikivuka kwa 1/8, friwili nayo imeshachongeka, na cheni mpya itaruka juu yake.

Vyote vitundike kwenye ubao ukutani, kila kimoja na mchoro wa umbo lake kwa kalamu. Jioni ukiona umbo tupu, unajua kilichobaki nje kwenye nyasi.

Vipuri gani viwepo nyumbani? Nilinunua tairi la 28, halikuingia.

Hapa watu wanapoteza hela nyingi, na kosa si lao. Namba ya inchi kwenye tairi ni jina tu. Kinachoamua ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, na kimeandikwa ubavuni kwa milimita baada ya kistari, kwa mfano 40-635.

Phoenix, Avon na Hero za kawaida za 28 × 1½ ni 635. Baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi na Ujerumani nazo huitwa 28, lakini nyingi ni 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna mikono inayoweza kuimaliza. Kwenye 26 mambo ni mabaya zaidi. Baiskeli ya milimani ya 26 ni 559, na baiskeli ya mtumba ya Kijapani ya 26 × 1 3/8, yenye kikapu mbele, ni 590. Wauzaji wengi huziweka kwenye rundo moja. Andika namba ya kila baiskeli yako kwa chokaa au rangi ukutani, juu ya kulabu yake, na uende dukani na namba hiyo.

Tyubu ina uvumilivu kidogo: ya 622 inafanya kazi kwenye 635. Angalia tu valvu. Ringi iliyotobolewa kwa valvu nyembamba haipitishi ile nene ya gari.

Golori weka saizi mbili. Hubu ya mbele kwa kawaida hutumia za inchi 3/16, kumi kila upande. Hubu ya nyuma hutumia za robo inchi, tisa kila upande, na ekseli ya katikati ni robo inchi pia, kumi na moja kila upande. Ukibadilisha, badilisha zote za upande mzima. Mpya moja kati ya nzee itabeba mzigo peke yake.

Ongeza nipo na spoku chache za urefu wa magurudumu yako, mipira ya breki, waya mbili za breki, na kopo la grisi. Matairi na tyubu za akiba zikae gizani, mbali na jua na mbali na mota za umeme kama kompresa, kwa sababu cheche za mota hutoa ozoni inayopasua mpira.

Oili chafu ya gari inafaa kwa cheni?

Haifai. Ina masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na ndani ya cheni inafanya kazi ya msasa. Tumia oili mpya nyepesi, tone moja kwa kila pini, zungusha pedali, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ionekane karibu kavu. Mafuta yanayohitajika yako ndani, ya nje hukusanya mchanga.

Umeme na taa je?

Mwite fundi umeme aliyesajiliwa, na hili si la kujaribu mwenyewe. Mwambie unataka soketi juu ya meza kwa kimo cha sentimita 110 badala ya chini, na breka inayokata umeme unaovuja kwa miliampea 30, kwani utashika drili ukiwa na mikono yenye maji. Usiendeshe kompresa kwa ekstensheni ya kunyoosha nguo.

Taa mbili ndefu za LED za mita 1.2, nyeupe, moja juu ya meza na moja juu ya stendi. Iliyo juu ya stendi isogezwe kidogo mbele ya pale utakaposimama, la sivyo kivuli chako kitaangukia kile hasa unachokitazama.

Naosha cheni kwa petroli, inatoa uchafu vizuri. Kuna tatizo?

Liko, na ni kubwa. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye swichi, jiko la mkaa uani au sigara ya mpita njia. Mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 38 hivi, na hiyo ndiyo tofauti. Lakini chini ya bati la Februari nyuzi hizo si mbali, kwa hiyo osha nje, kivulini, kwa kiasi kidogo ndani ya kopo, na ufunike ukimaliza. Mafuta yaliyotumika yaache yatulie usiku mmoja. Uchafu utashuka, ya juu utayatumia tena. Matope ya chini na oili iliyochoka yaingie kwenye dumu, uyapeleke kwenye gereji inayokusanya, yasimwagwe mtaroni.

Vitambaa vyenye mafuta viwekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko. Kama umepaka meza mafuta ya linsidi, vitambaa vyake ni hatari zaidi: hujipasha joto vyenyewe vikikunjwa, hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke kabisa. Mtungi wa kuzimia moto utundikwe karibu na mlango, mahali unapoufikia ukiwa unatoka. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, iandike ukutani.

Nina baiskeli ya umeme. Betri niichajie humo?

Ndiyo, ukizingatia mambo machache. Chaja iwe ile iliyokuja nayo au yenye volti zilezile: betri ya volti 36 hujaa kwenye volti 42, na chaja ya 48 iliyochomekwa kwa haraka inaweza kuiwasha moto. Chaji juu ya sakafu tupu, mbali na mbao, matairi na mlango wa kutokea, ukiwa macho. Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyonyeshewa isichajiwe tena kabla ya fundi wa betri kuiona. Ukiiweka muda mrefu, iache karibu nusu, mahali penye ubaridi.

Nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba hataki matundu ukutani.

Fremu ya mabomba ya kusimama, meza isiyofungwa ukutani, taa ya kuchomeka. Niru mwombe aridhie, kwani nyumba ni yake na inabaki bora, na pengine mtagawana gharama. Mkubaliane kwa maandishi.

Wezi?

Nondo za dirisha na kufuli la ndani, hayo unayajua. La ziada: paka kioo rangi au weka pazia, mtu asihesabu baiskeli akiwa barabarani. Zege sakafuni lina nafasi nzuri ya kuzamisha pete ya chuma ya kupitishia mnyororo, nayo iwekwe kabla ya niru. Piga picha namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya kikombe cha pedali, na uihifadhi kwenye simu pamoja na risiti. Polisi wakikamata baiskeli, namba hiyo ndiyo itakayothibitisha ni yako.

Watoto wa mtaa wanaleta baiskeli zao. Nifanyeje?

Wapokee. Wafundishe pancha na kukaza breki, na waache washike spana wenyewe. Cheni isizungushwe kwa mkono huku kidole kingine kiko kwenye sproketi, hiyo ndiyo ajali ya kawaida ya karakana. Ukianza kutoza watu wazima, basi ni biashara: Tanzania utahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na leseni ya halmashauri, Kenya kibali cha kaunti. Fikiria pia fundi baiskeli wa kona yako, ambaye anaishi kwa kazi hiyo. Mpelekee magurudumu yaliyopinda. Kunyoosha ringi kwa spoku ni ustadi wa miaka, na ukikaa naye ukitazama utajifunza zaidi kuliko peke yako.

Nasafiri miezi mitatu. Niache baiskeli vipi?

Zioshe, zikauke, paka cheni oili bila kufuta safari hii, na grisi nyembamba kwenye ringi za kromu na nguzo ya kiti. Jaza upepo. Zilizosimama sakafuni ziinue kwa mbao, tairi zisiguse chini, au zigeuze, kwa sababu tairi likiisha upepo na kubebeshwa uzito linapasuka ubavu. Gia ziweke kwenye sproketi ndogo ili springi na waya zipumzike. Usizifunike kwa nailoni, inafungia mvuke ndani. Shuka la pamba linatosha. Mwachie jirani ufunguo, afungue mlango mara moja kwa wiki siku ya jua, na atazame miguu ya meza kama mchwa wameanza kupanda.